Ua la Shaba na Wachoraji Wetu

Anayefika Koni, upande wa Likasi, aona mto Lufira ukishuka kwa nguvu, kisha aona kazi ya watu. Mwaka 1950 maji yale yalianza kugeuzwa umeme pale, kama yalivyokuwa yamekwisha anza kugeuzwa Mwadingusha, juu kidogo ya mto, mwaka 1930. Kwa umeme wa Lufira shaba ya Katanga ilisafishwa miaka mingi. Basi ni haki watu wa huku waulize: je, wachoraji wetu wametuonyesha nchi hii kama ilivyo? Twapenda kulijibu swali hilo kwa kutazama picha za namna mbili.

Za kwanza ni za Hangar. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Hakuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya waziige. Alitaka wachore yale waliyoyaona kwao na kuyaweka moyoni. Shauri hilo lilizaa matunda mema. Pilipili Mulongoy alichora ndege, samaki na nyoka, akajaza kila pengo kwa majani na nukta ndogo ndogo, hata jicho halipati pa kupumzika wala halitaki kupumzika. Bela Sara aliacha brashi akapaka rangi kwa vidole. Mwenze Kibwanga alijenga miili ya watu kwa mistari mifupi, kama mtu anayesuka mkeka.

Kazi hizo twazisifu bila kusita. Hata hivyo zina upungufu mmoja: hazina mwaka. Majani ya Pilipili ni mazuri, lakini yaweza kuwa ya pori lolote la Afrika. Wakati yeye akichora, milima ya shaba ilikuwa ikichimbwa karibu naye, na moshi wa kiwanda ukipanda juu ya mji. Katika picha zake moshi huo hatuuoni. Wageni walizinunua kwa furaha, maana walipenda kuona Afrika isiyo na kiwanda. Hatumlaumu mchoraji peke yake. Mwalimu na mnunuzi nao hushika brashi kwa siri.

Za pili ni za Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Picha za namna yake hazikutengenezwa kwa wageni tu. Watu wa kawaida wa Katanga walizinunua na kuzitundika ukutani nyumbani kwao, wakazieleza kwa wageni wao. Miaka ya 1973 na 1974 Tshibumba alimchorea mtaalamu Johannes Fabian historia nzima ya nchi, picha zaidi ya 100, na maelezo yake aliyatoa kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Humo wamo wafanyakazi wa Union Minière waliogoma wakapigwa risasi mwezi wa Desemba 1941. Hapa mwaka upo, majina yapo, damu ipo. Ila tazama chini ya miguu ya watu wale: mara nyingi ardhi ni utepe wa rangi tu. Hakuna jani la kutuambia ni wapi.

Basi tuna historia isiyo na maua, na maua yasiyo na historia. Kumbe katika nchi yetu vitu hivi viwili havikutengana kamwe.

Udongo wenye shaba nyingi huua miti. Ndiyo sababu milima ya shaba huwa wazi, imezungukwa na miombo, nayo yavaa majani na maua tu. Wataalamu wamehesabu huko aina zaidi ya 600 za mimea, na baadhi yake haioti mahali pengine popote duniani. Mmojawapo waitwa Haumaniastrum katangense, mmea mdogo wa jamii ya kivumbasi: ndio ua la shaba. Wapenda udongo uliovurugwa wenye shaba, kwa hiyo huota pale wazee wetu walipoyeyusha mawe ya malakiti, katika tanuru za udongo wa kichuguu, kwa mivukuto ya ngozi. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamelifuata ua hilo na kugundua mahali pa tanuru za karne nyingi zilizopita. Mafundi wale Padre Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto aliyekuwa baadaye askofu, aliwaandikia habari mwaka 1926 akiwaita walaji wa shaba. Ua, basi, ni kama maandishi yao juu ya ardhi. Mwenye kulichora amechora historia, hata asipoweka mtu wala bunduki.

Mtu atasema: ua haliliwi, na mchimbaji ana watoto wa kulisha. Ni kweli, wala hatumhukumu. Lakini kwa sababu hiyo hiyo picha ni ya lazima. Mlima ukichimbwa, ua lake laondoka pamoja na udongo. Na mtoto asiyeliona mlimani wala ukutani atajuaje kwamba babu zake walikuwa mafundi kabla kampuni yoyote haijaja?

Kuta twazo: za shule, za parokia, za nyumba zetu. Tumezoea kuzipamba kwa waridi zilizotoka katika kadi za ng'ambo. Yafaa vijana wa Koni na Likasi wamwazime Pilipili majani yake na Tshibumba miaka yake, waviweke katika picha moja: Lufira, tanuru, waliogoma, na chini ya miguu yao ua dogo la shaba. Wazee waulizwe jina walilolipa, nalo liandikwe chini. Wachore mapema, maana mlima ukiisha kuchimbwa haurudi.