Juu ya Ukavu wa Insha za Wanafunzi

Malalamiko ya kwamba insha za wanafunzi wetu ni kavu si mageni kwa wasomaji wa jarida hili. Walimu huyaleta kila mwaka, na dawa inayopendekezwa huwa ile ile: mwanafunzi aongezewe msamiati, akaririshwe methali, afundishwe tamathali za usemi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dawa hiyo ni sehemu kubwa ya ugonjwa wenyewe.

Na tuitazame kwanza insha itokanayo na mafundisho hayo. Kila aliyepata kusoma insha za KCPE, mtihani uliofanywa nchini Kenya kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ataitambua mara moja. Msimulizi hurauka alfajiri, majogoo wakiwika. Huvaa shati lililopigwa pasi hata nzi akitua huteleza. Huanza kwa methali na kumaliza kwa methali. Nzi huyo nimekutana naye katika harusi, katika ajali ya basi, na mara moja katika mazishi. Hapana kosa la sarufi. Hapana shati vile vile, kwa maana mwandishi hakuliona.

Kosa letu, kwa maoni yangu, ni la kiisimu kabla ya kuwa la ufundishaji. Tumedhani kwamba maelezo ya kina hukaa katika vivumishi na mapambo. Lakini vivumishi vya asili katika Kiswahili ni vichache; utajiri wa lugha hii umo katika vitenzi. Mwanafunzi akiandika “Mama alimbeba mtoto”, ametuambia machache, na akiongeza “kwa upendo mwingi” hajatuambia zaidi. Akiandika “alimweleka”, twaona mgongo na kanga iliyofungwa kifuani. Akiandika “alimpakata”, mama ameketi na mtoto yu mapajani. Neno moja limefanya kazi ya sentensi mbili. Na si mashina tu. Viambishi navyo vyaona. “Mlango ulifunguliwa” ni habari ya mtu fulani aliyefungua. “Mlango ulifunguka”: hapana mtu, nasi twaanza kuogopa. Mwanafunzi wa kidato cha pili anajua tofauti hiyo akisimulia nyumbani. Darasani twamfundisha kauli za kitenzi Jumatatu na insha Alhamisi, wala hatumwambii kwamba mambo hayo mawili yanahusiana.

Atakaye ushahidi wa nathari iliyojaa mambo bila mapambo, na asome Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mjini Göttingen mwaka 1903, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekuwa akifundisha Kiswahili mjini Berlin. Mimi nilikisoma mara ya kwanza nilipokuwa Ujerumani kwa masomo ya udaktari, na kwa aibu kidogo, kwa sababu nyumbani sikupata kukiona. Akieleza harusi, Mtoro hasemi kwamba ilifana. Asema nani hupewa nini, nani hutangulia, na nini hufuata. Habari zake zinasomeka kama majibu ya mtu anayeulizwa na mgeni asiyechoka: kisha ikawaje? nani alilipa?

Itajibiwa kwamba Shaaban Robert, ambaye Kielezo cha Insha chake cha mwaka 1954 kimekuwa mfano kwa wengi, alipenda semi na mafunzo. Ni kweli; insha zake nyingi ni za kutafakari. Lakini mwandishi yule yule, katika Wasifu wa Siti binti Saad, hakuona haya kutuonyesha mwanamke wa Fumba akiuza vyungu mjini kabla ya kuwa mwimbaji mashuhuri. Shule zilichukua mafunzo zikaacha vyungu.

Nami simo nje ya lawama. Kabla ya kwenda ng'ambo nilifundisha katika shule moja ya pwani. Kijana mmoja aliandika juu ya mama yake, aliyepika wali wa nazi wa kuuza alfajiri. Aliandika kwamba yeye, angali kitandani, alijua hali ya mama kwa mlio wa mbuzi ya kukunia nazi. Siku njema kifuu kilizunguka taratibu. Siku ya deni kilikwaruzwa kwa nguvu hata nazi ikachanganyika na weusi wa kifuu, na wateja wakanung'unika. Insha haikuwa na methali hata moja, na ilikuwa na makosa mawili ya upatanisho. Nilimpa alama 9 kati ya 20, nikaandika kwa wino mwekundu: “Tumia lugha ya kupamba.” Insha yake iliyofuata ilianza kwa majogoo. Juu ya mama yake hakuandika tena.

Siku hizi sisahihishi rasimu ya kwanza. Naandika pambizoni maswali yasiyozidi matatu: Ulisimama wapi? Mikono yake ilikuwa ikifanya nini? Ulisikia nini kabla ya kuona? Aliyeandika kwamba soko lilijaa watu wa kila aina hurudi na mchuuzi mmoja anayenyunyizia mchicha maji kwa matawi ya mwarobaini. Mara nyingi aya ya kwanza huanguka yenyewe.

Najua msahihishaji aliye na mamia ya karatasi hutafuta kitu cha kuhesabu, na methali huhesabika upesi. Basi na ahesabu vitenzi visivyoweza kubadilishwa na kingine bila hasara.

Hoja nzito zaidi ni ya wenzangu wa bara, wasemao kwamba utaratibu huu wampendelea mwana wa pwani. Siikubali. Mwanafunzi wa kando ya Ziwa Victoria huenda asijue “kupakata”, lakini ajua jinsi dagaa wavuliwavyo kwa taa usiku usio na mwezi, na jinsi mvua ya mchana mmoja iwezavyo kuwaharibu wakiwa wameanikwa. Na aulizwe hayo. Akikosa kitenzi cha Kiswahili sanifu, aandike cha kwao kwanza, kisha kitafutwe pamoja darasani. Baadhi ya vitenzi hivyo havimo katika kamusi zetu, na kuviandika ni kazi ya taasisi kama hii.