Watoto wa Gorey Hawakukosa Lolote

Kitabu cha alfabeti humwahidi mtoto kwamba dunia ina mpangilio: A hadi Z, kila kitu na mahali pake. Mwaka 1963, mwandishi na mchoraji Mmarekani Edward Gorey aliichukua ahadi hiyo akaijaza maiti. Katika *The Gashlycrumb Tinies*, watoto 26, kila mmoja na herufi yake, wanakufa kwa vina. Amy anaanguka ngazini. Ernest anakabwa na tunda. Neville, maskini, anauawa na kuboeka tu. Tunachoona ni kichwa kidogo kikichungulia dirishani.

Nilicheka. Halafu nikajiuliza, mbona nacheka?

Kuna wanaomwona Gorey mkatili. Mimi sikubali. Tulilelewa na ngano za zimwi, na humo mtoto akimezwa huwa kuna sababu: alionywa, akakaidi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wazungu nao walikuwa na zao. Katika miaka ya 1840 Mjerumani Heinrich Hoffmann alimteketeza msichana aliyechezea kiberiti, ili wengine wajifunze. Gorey anaifuta methali na kubakisha guu lililovunjika. Amy hakumkaidi mtu. Alikuwa tu ngazini.

Na hachori kwa pupa. Mistari ni myembamba ya wino mweusi, imesukwa kwa subira kama mkeka. Amy bado hajatua. Anguko tunalimalizia sisi wenyewe. Mlezi wa watoto hawa yuko kwenye jalada: Kifo chenyewe, mifupa iliyovaa koti jeusi na kofia, mwavuli mkononi, kama yaya anayewatembeza.

Kasoro ipo. *Amphigorey* ya 1972 imekusanya vitabu vyake 15, na ukivisoma kwa mkupuo, vifo vinageuka mapambo. Lakini 1977 akatoa *The Loathsome Couple*, kuhusu wapenzi wanaoua watoto, kilichotokana na mauaji halisi ya Uingereza. Hapo kicheko kinakata kabisa. Kumbe alijua mzaha unaishia wapi.

Ndiyo maana namtetea. Mtoto akifa, hata kabla ya mazishi utasikia watu wakinong'ona: mamake alikuwa wapi? Tunatafuta kosa ili tujidanganye kwamba wetu wako salama. Gorey hatupi kosa lolote la kushikilia. Anatupa herufi, halafu inayofuata.