Dhoruba ya Usiku Husomwa Mchana

Saa kumi na moja jioni, mwaloni Kayenze, ziwa huwa shwari kiasi cha kumdanganya hata aliyezaliwa ndani ya mtumbwi. Vijana wanapakia nyavu za dagaa, taa za sola zinajaribiwa moja moja, petroli inamiminwa kwenye tenki la injini. Mbele yao, juu ya maji, mbingu ni nyeupe. Mawingu yako nyuma, nchi kavu, upande wa Magu, yamepanda kama moshi wa tanuru la matofali, na vichwa vyake vimeanza kutandaa. Hakuna anayegeuka kuyatazama, kwa kuwa hakuna anayeelekea huko.

Mawingu hayo ya nyuma ndiyo habari ya usiku. Anayetaka kuisoma anaweza kuipata kwenye simu, bila kulipa chochote zaidi ya bando, alimradi ajue anachotafuta.

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilometa za mraba 68,800, nalo liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mchana ardhi hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo hutoka ziwani kuingia nchi kavu. Hewa iliyo juu ya ziwa nayo hushuka, na hewa inayoshuka haijengi wingu. Ndiyo maana ziwa huonekana jeupe saa ya kuondoka. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa, maji hubaki na uvuguvugu wa nyuzi 24 au 25, na upepo wa nchi kavu huteremka kutoka pande zote, ukiongezewa nguvu na hewa baridi ya nyanda za juu, za Kenya upande wa mashariki na za Rwanda na Burundi upande wa magharibi. Pepo hizo hukutana juu ya maji, zikiwa zimeshiba unyevu, na hazina pa kwenda isipokuwa juu. Wingu la radi hujengeka kati ya usiku wa manane na alfajiri, saa zile zile ambazo taa za dagaa zinawaka. Upepo wa mashariki huyasukuma makutano hayo kuelekea magharibi, na vipimo vya mvua vinashuhudia: Bukoba hupata takriban milimeta 2,000 kwa mwaka, Mwanza karibu nusu yake.

Mwaka 2016 Wim Thiery, mtafiti kutoka Ubelgiji, na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Communications kazi iliyoangalia jambo hili kutoka angani. Kwa picha za setilaiti walihesabu vilele vya mawingu ya radi yaliyopanda kwa nguvu mpaka yakatoboa dari ambapo mawingu ya kawaida huishia. Nchi kavu, vilele hivyo hujaa alasiri. Ziwani hujaa usiku. Lililo muhimu zaidi kwa mvuvi ni uhusiano wa hayo mawili: usiku wenye dhoruba kali ziwani huelekea kutanguliwa na alasiri yenye dhoruba nyingi kwenye ardhi inayolizunguka ziwa. Mwaka uliofuata walionesha kwamba uhusiano huo unaweza kutumika kutoa onyo saa kadhaa kabla. Mimi naiona hiyo ndiyo zawadi kubwa ambayo sayansi imelipa ziwa hili kwa miaka ya karibuni, kwa kuwa inampa mtu nafasi ya kuamua akiwa bado amesimama mchangani.

Sasa vipimo. Viwanja vya ndege vya Mwanza, Musoma, Bukoba, Kisumu na Entebbe vyote viko ufukweni au karibu sana nao, na taarifa zao za hali ya hewa kwa marubani husomeka mtandaoni. Zimeandikwa kwa msimbo unaotisha mwanzoni. Chukua mfano huu niliouandika kwa ajili ya kufundishia:

HTMW 281300Z 31012KT 9999 FEW025CB 29/17 Q1013

HTMW ni Mwanza. 28 ni tarehe, 1300Z ni saa ya kimataifa. Upepo unatoka nyuzi 310, yaani kaskazini-magharibi, kwa noti 12, kama kilometa 22 kwa saa: ni upepo wa ziwani, wa kawaida kwa saa hiyo. Upeo wa kuona ni mzuri. Kisha herufi mbili za kuzishika, CB: kuna wingu la radi linaonekana. Joto ni nyuzi 29. Tuseme saa mbili baadaye inakuja hii:

HTMW 281500Z 11022G35KT 3000 TSRA FEW020CB 20/18 Q1016

Upepo umegeuka, sasa unatoka mashariki, noti 22 na vishindo vya 35, kama kilometa 65 kwa saa. TSRA ni radi na mvua. Joto limeanguka nyuzi tisa. Hiyo ni pumzi baridi ya dhoruba ikitoka nchi kavu kwenda ziwani. Mfuate jirani: Musoma nayo inasema TS? Kisumu je? Kituo kimoja chenye radi ni mvua ya mtaa. Vitatu vikisema hivyo alasiri moja, na picha ya setilaiti ya saa kumi inaonesha mawingu meupe yamelizunguka ziwa kama shanga, huo ni usiku wa kubaki nyumbani.

Kuna mitego miwili inayowanasa watu. Wa kwanza ni saa. Z iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu, nasi tena tunahesabu kuanzia macheo. 1300Z ni saa kumi jioni. 0000Z ni saa tisa usiku. Mtu akikosea hapo ataisoma taarifa ya adhuhuri akidhani ni ya jioni. Wa pili ni mgandamizo wa hewa, ile namba inayofuata herufi Q. Maelekezo mengi ya nchi za baridi yanasema mgandamizo ukishuka, dhoruba inakuja. Kwetu, karibu na ikweta, mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku kama kupwa na kujaa: huwa juu mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, huwa chini mnamo saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Anayeangalia simu mchana ataona unashuka hata siku isiyo na tone la mvua. Cha kutazama ni mruko wa ghafla kwenda juu, pamoja na joto kuanguka.

Rada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania iliyopo Mwanza huona kile ambacho vituo havioni, ingawa nayo ina mpaka wake. Mwali wake hunyooka huku dunia ikipinda. Ukirushwa kwa mwinuko wa nusu nyuzi, ukifika kilometa 200 unapita takriban kilometa nne juu ya maji. Unaiona mvua ndani ya wingu, hauuoni upepo unaopindua mtumbwi chini yake.

Kuunganisha vipande hivi ndiyo kazi iliyofanywa na mradi wa HIGHWAY, ulioanza 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za Uingereza, ukishirikisha Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Ulileta utabiri wa ziwa unaotaja upepo, mawimbi, mvua na upeo wa kuona kwa maeneo ya ziwa, kwa lugha ambayo mtu wa mwaloni anaielewa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni vifo 3,000 hadi 5,000 kwa mwaka ziwani. Tathmini ya mwisho wa mradi ilikadiria kwamba vifo vitokanavyo na hali ya hewa vimepungua kwa asilimia 30 hivi. Kwa hiyo utabiri wa Mamlaka ndio wa kufuata. Kujisomea vipimo kunasaidia kujua kwa nini leo umesema usiende, nao wanaojua kwa nini hutii upesi.

Uswisi wana kazi inayofanana na hii, ya maporomoko ya theluji. Mtandao wao wa vituo vya milimani hupima kila nusu saa, na mara nyingi huwekwa viwili viwili: kimoja kileleni kinapima upepo unaoibeba theluji, kingine kwenye mteremko ulio chini kinapima theluji iliyolundikana. Kimoja penye chanzo, kimoja penye hatari. Sisi vituo tunavyovisoma mtandaoni viko ufukweni, penye chanzo. Upande wa pili wa jozi ungekuwa visiwani, Ukara na Goziba, mlingoti wenye kipimaupepo kinachotuma taarifa kila dakika tano. Upepo wa dhoruba unaokwenda kilometa 40 kwa saa, ukipimwa kisiwani kilometa 20 kutoka kwenye taa za wavuvi, unawafikia baada ya nusu saa. Nusu saa inatosha kuvuta wavu, kuzima taa na kuuelekeza mtumbwi upande wa kisiwa kilicho karibu.