Sinema za Bunduki: Je, Ndivyo Ilivyo?

Zamani ilitupasa kungoja siku ambayo sinema italetwa ukumbini. Leo sinema imo mfukoni, ndani ya simu. Kijana huketi chini ya mwembe akatazama watu ishirini wakiuawa kabla ya chakula cha jioni. Tusianze kwa kumgombeza. Afadhali tumwulize swali moja: hayo unayoyaona, ndivyo bunduki ilivyo kweli?

Swali hili si la mchezo. Wako kati yetu waliosikia bunduki kwa masikio yao, nao hawahitaji kufundishwa. Lakini mtoto aliyefundishwa na sinema peke yake hudhani kwamba shujaa hapatikani na risasi, na kwamba risasi iliyokosa imekwisha habari yake. Mambo hayo mawili ni uongo, na uongo huo waweza kumwua yeye au jirani yake.

Tutazame kwanza sinema za namna ya «Commando», iliyotoka mwaka 1985, ambayo mchezaji wake mkubwa ni Arnold Schwarzenegger. Mtu mmoja anasimama wazi, kifua mbele, bunduki nzito mkononi. Adui kwa makumi wanampiga wasimpate. Yeye anapiga bila kulenga, nao wanaanguka kama mahindi wakati wa mavuno. Waulize wawindaji wetu. Mwenye gobori hutembea siku nzima kwa ajili ya risasi moja. Akifika karibu na mnyama hutafuta mti wa kuegemea, hutuliza pumzi, tena hukosa mara nyingi. Je, mtu anayekimbia na kutweta atalengaje kuliko yule aliyetulia?

Tufanye hesabu kidogo. Bunduki ya rashasha yenye kupiga risasi 600 kwa dakika humaliza mkanda wa risasi 100 kwa sekunde 10. Basi mtu anayepiga dakika tatu bila kukoma angehitaji risasi 1,800, na wapagazi wa kumbebea. Katika sinema mbaya hatuwaoni wapagazi hao.

Hesabu ya pili ni ya yule anayepigwa risasi akarushwa nyuma na kuvunja dirisha. Risasi ya bastola ina uzito wa gramu 8 hivi, nayo huenda mita 350 kwa sekunde. Ikikaa ndani ya mwili wa mtu wa kilo 70, itamsukuma kwa mwendo wa sentimita 4 tu kwa sekunde. Hata mtoto mdogo akimsukuma kwa mkono atamsogeza zaidi. Tena kama risasi ingeweza kumrusha aliyepigwa, ingemrusha na mpigaji pia, kwa maana bunduki humsukuma nyuma mwenye kuishika kwa nguvu ileile. Mtu wa kweli aliyepigwa huanguka chini pale alipo, au hukimbia hatua kadhaa asijue bado kwamba ameumia.

Na ile bastola ya wapelelezi, yenye kifaa cha kupunguza mlio? Katika sinema husikii ila pumzi ndogo, kama mtu anayezima mshumaa. Kwa kweli kifaa hicho hupunguza mlio, hakiuondoi. Watu wa chumba cha pili wangeamka.

Lakini tusiseme kwamba sinema zote ni sawa. Wako watengenezaji walioiheshimu kweli, na kazi yao yafaa isifiwe.

Wa kwanza ni Fred Zinnemann, aliyetengeneza «The Day of the Jackal» mwaka 1973. Ni hadithi ya mtu aliyekodishwa amwue Jenerali de Gaulle, yule ambaye wazee wa Brazzaville walimwona kwa macho mwaka 1944 na tena 1958. Muuaji huyo ananunua tikiti maji, analining'iniza mtini, anasogea mbali, anapiga. Risasi inakwenda kando. Anageuza kidogo skurubu ya darubini ya bunduki, anapiga tena, anageuza tena. Kazi hiyo ni ya polepole kama ya fundi wa saa. Hapo mtazamaji anajifunza kwamba shabaha ni subira na kipimo. Mwishoni muuaji anamlenga Jenerali, naye Jenerali anainama kumbusu askari mzee anayepewa nishani. Risasi inapita. Bunduki yake hubeba risasi moja tu; anapotaka kuijaza tena, polisi wamekwisha kumfikia. Kuinama kidogo kumeshinda miezi ya matayarisho.

Wengine watasema: hayo ni ya kubuni. Ndiyo, muuaji huyo ni wa kubuni. Lakini sinema yenyewe inaanza na jambo lililotokea kweli. Tarehe 22 Agosti 1962, mahali paitwapo Petit-Clamart karibu na Paris, watu waliojificha waliipiga motokaa ya de Gaulle. Walipiga risasi zaidi ya mia, na baadhi yake zilitoboa motokaa. Lakini Jenerali na mkewe hawakupata hata jeraha. Alikufa mwaka 1970, nyumbani kwake, kwa ugonjwa. Hata wapigaji waliojitayarisha hukosa.

Wa pili ni Michael Mann na sinema yake «Heat», ya mwaka 1995. Humo wanyang'anyi wa benki wanapigana na polisi katika barabara ya Los Angeles. Wachezaji walifundishwa kutumia silaha na Andy McNab, aliyekuwa askari wa Uingereza. Mmoja anapiga, mwenzake anasogea. Risasi zikiisha, tunaona kasha likitolewa na jingine likitiwa. Mlio tunaousikia ulinaswa palepale barabarani, ukigonga nyumba ndefu na kurudi. Unatisha, wala haufurahishi. Mwisho wa mapigano mnyang'anyi anambeba mtoto ili awe ngao yake. Polisi hapigi ovyo. Anangoja mpaka aone nafasi, ndipo anapiga mara moja. Kungoja huko kunatufundisha kuliko milio yote iliyotangulia.

Zaidi ya mwaka mmoja baadaye mji uleule uliona jambo kama hilo kwa kweli. Tarehe 28 Februari 1997, huko North Hollywood, wanyang'anyi wawili wenye nguo za kuzuia risasi walipigana na polisi kwa dakika 44 hivi. Pande zote mbili zilipiga risasi karibu 2,000. Waliokufa walikuwa wawili tu, yaani wanyang'anyi wenyewe. Polisi na raia waliojeruhiwa walikuwa zaidi ya kumi. Basi zile nyingine zilikwenda wapi? Ziliingia katika kuta, motokaa na madirisha ya watu. Hilo ndilo swali ambalo sinema karibu zote zinalikimbia: risasi iliyokosa inakwenda kwa nani?

Tufike sasa kwetu. Mwaka 2016 ilitoka sinema «The Siege of Jadotville», ya Richie Smyth. Inasimulia mambo ya Septemba 1961 katika mji tunaouita leo Likasi. Askari wa Ireland zaidi ya 150, waliotumwa na Umoja wa Mataifa chini ya kamanda Pat Quinlan, walizingirwa na jeshi la Katanga na askari wa kukodiwa. Mashambulio yalianza asubuhi ya tarehe 13, wengi wao wakiwa katika Misa. Walipigana mpaka tarehe 17. Risasi zilikuwa zikiisha, maji nayo yamewaishia, wakajitoa. Hakuna hata mmoja wao aliyeuawa, watano walijeruhiwa.

Katika mambo ya silaha sinema hii ni nzuri. Inaonyesha kwamba mashimo aliyoyaamuru Quinlan yachimbwe mapema ndiyo yaliyowaokoa watu wake. Jembe lilifanya kazi kuliko bunduki. Inaonyesha pia kwamba risasi huhesabiwa na huisha, na kwamba askari hodari aweza kushindwa na kiu. Hayo ni kweli, nasi twayasifu.

Lakini tunayo lawama, tena si ndogo. Kila askari wa Ireland ana uso, jina na barua ya nyumbani. Wale wa Katanga wanakuja mbio uwanjani, wanaanguka, wengine wanakuja, wanaanguka vilevile. Hatujui majina yao wala mama zao. Hatuoni nani aliyewazika. Wapigaji wa upande mmoja hawakosi, wa upande wa pili hawapati. Hapo sinema iliyokuwa mwangalifu inarudi kwenye desturi ya «Commando». Hata watu wa mji wenyewe, wachimba shaba na wake zao waliosikia milio hiyo siku tano, ni kama hawako. Sinema yenyewe ilipigwa Afrika Kusini. Mtazamaji wa mbali atasahau kwamba Likasi ni mji wa watu, atakumbuka uwanja wa shabaha tu.

Hapo ndipo ukweli wa bunduki unapopimwa. Kujua hesabu ya risasi hakutoshi. Sinema inaweza kuonyesha vema namna ya kulenga, ikadanganya juu ya yule aliyelengwa.

Wala tusidhani kwamba silaha za wachezaji ni vitu vya kuchezea. Mwaka 1993 mchezaji Brandon Lee aliuawa kazini: kipande cha risasi kilikuwa kimebaki ndani ya mtutu pasipo watu kujua, na baruti iliyowekwa kwa ajili ya mlio tu ikakisukuma nje. Mwaka 2021, huko New Mexico, Halyna Hutchins, mpiga picha wa sinema «Rust», aliuawa walipokuwa wakijaribu mchezo, kwa maana risasi ya kweli ilikuwamo katika bastola. Hakuna aliyekusudia kuua. Bunduki haikujua kama ni mchezo.

Basi, enyi wazazi, msitosheke na kukataza. Keti pamoja na mwanao, mtazame, umwulize maswali matatu. La kwanza: huyu amepiga risasi ngapi, na bastola yake hubeba ngapi? La pili: zile zilizokosa zimeingia nyumba ya nani? La tatu: huyu aliyeanguka aliitwa nani? Sinema nzuri itajibu. Nyingine itanyamaza, na mtoto atakuwa amejua tofauti yao.