Sifa ya Ufundi wa Kuunda Meli

Mwanafunzi wa uhandisi aliyekulia kwenye mialo ya Ziwa Viktoria, yaani zile sehemu za ufukweni ambako mitumbwi huegeshwa na samaki hushushwa, huingia chuoni akiwa na elimu isiyoandikwa kwenye cheti chake cha kidato cha sita. Amekwisha kumtazama fundi akilaza mkuku, boriti ya chini inayobeba chombo kizima, akisimamisha mataruma, ambayo ndiyo mbavu zake, akipigilia mbao, na hatimaye akikalafati, yaani akishindilia pamba kwenye maungio ili maji yasipenye. Fundi huyo hutegemea jicho na mkono wake, lakini umbo analolipata lina hesabu ndani yake, na uhandisi wa meli ni taaluma adhimu kwa kuwa huidhihirisha hesabu hiyo.

Kiini cha hesabu hiyo ni uthabiti, yaani uwezo wa chombo kilichoinama kurudi wima. Uzito wa chombo hukivuta chini kupitia kitovu cha uzito, na maji hukisukuma juu kupitia kitovu cha sehemu iliyozama. Chombo kikiinama, kitovu hiki cha pili huhama, na mstari wima unaopita hapo hukata mstari wa kati wa chombo mahali paitwapo metasenta. Metasenta ikiwa juu ya kitovu cha uzito, chombo hujiinua, na ikiwa chini yake, hupinduka, ndiyo maana abiria wanaopanda sitaha ya juu, hata kama hawajazidi idadi, huupunguza uthabiti kwa kukipandisha kitovu cha uzito.

Kwa watu wa Mwanza jambo hili si nadharia tupu. MV Bukoba ilizama karibu na jiji hilo tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Kijana aliyelelewa katika jamii iliyozika watu hao, akiamua kusomea uthabiti wa meli, huwa amechagua somo lenye uzito kuliko mengi yanayosifiwa zaidi.

Ziwa hili, ambalo halina njia ya meli kubwa kuingia kutoka baharini, limelazimisha ufundi kufanyika papo hapo ufukweni. Vipande vya MV Victoria vilitengenezwa Uskoti na kuunganishwa Kisumu, na meli ikaanza kazi mwaka 1961. MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6 na nafasi ya abiria 1,200, iliundwa katika bandari ya Mwanza Kusini na kushushwa majini Februari 2023.

Meli inapokamilika hufanyiwa jaribio la kuinamisha, ambalo mwanafunzi huyu anastahili kulishuhudia kuliko jingine lolote: mizigo ya uzito unaojulikana husogezwa kutoka upande mmoja wa sitaha hadi mwingine, timazi ndefu iliyoning'inizwa ndani huonyesha meli imeinama kiasi gani, na kutokana na kipimo hicho hukokotolewa kimo cha metasenta juu ya kitovu cha uzito. Chombo kikiongezewa sitaha au kubadilishiwa injini, hesabu ya zamani haitoshi tena, na timazi hutundikwa upya.