Mapigo Matano, Mizani Kumi na Sita

Mwanafunzi wa sekondari wa Dodoma au Kakamega anapofungua ukurasa wa mashairi katika somo la Kiingereza, haji mikono mitupu. Tangu shule ya msingi amehesabu mizani kwa vidole, amepigia mstari vina vya kati na vya mwisho, na huenda ameghani utenzi mbele ya wageni siku ya wazazi. Sikio lake limelelewa. Ila limelelewa kusikiliza kitu kingine, na mara nyingi hakuna anayemwambia hivyo. Anapewa orodha ya majina ya mbinu, anayakariri, anafaulu mtihani, na shairi lenyewe linabaki kuwa maneno ya wageni. Hilo huniuma, kwa sababu ufundi wa kusikia shairi la Kiingereza ni miongoni mwa mambo matamu kabisa ambayo shule inaweza kumpa mtoto, na vifaa vyake ni kinywa, kidole na meza tu.

Ushairi wetu wa kimapokeo huhesabu silabi. Wa Kiingereza, kwa sehemu kubwa, huhesabu mkazo. Kwetu mkazo una makao yake: silabi ya pili kutoka mwisho, ukiacha maneno machache. Kwa kuwa makao hayo yanajulikana, mshairi hana haja ya kuhangaika nayo. Katika Kiingereza mkazo huhama, na ukihama waweza kuondoka na maana. Neno record likikazwa mwanzoni ni kumbukumbu au sahani ya santuri. Likikazwa mwishoni ni tendo la kurekodi. Lugha yenye mkazo wa namna hii haiwezi kuuacha bila kuufanyia kazi.

Chukua sentensi ya kawaida kabisa, ambayo mtu anaweza kuitamka huku akivaa viatu: I have to buy the bread before it rains. Isome taratibu ukigonga meza. Sauti inapanda kwenye have, kwenye buy, kwenye bread, kwenye silabi ya pili ya before, na kwenye rains. Silabi kumi, mapigo matano, nyepesi kisha nzito, nyepesi kisha nzito. Hiyo ni pentamita ya iambi, mstari ambao Shakespeare alijengea sehemu kubwa ya tamthilia zake na soneti zake zote isipokuwa moja. Sasa ugeuze mwanzo: Buy me the bread and milk before it rains. Silabi bado ni kumi, mapigo bado ni matano, lakini la kwanza limewahi. Sikio lililokuwa likingoja silabi nyepesi limekutana na nzito, na lile neno la mtu anayejisemea limekuwa amri kwa mwingine. Hakuna sitiari hapo wala tashbihi. Ni pigo moja tu limehamishwa, kama mpiga ngoma anayetangulia ili wachezaji wamgeukie.

Jambo lile lile tuliseme kwa kanuni zetu: Mvua yaja ukimbie, mkate ukanunue. Nane ukwapi, nane utao. M ya mkate ina mizani yake kamili ingawa haina irabu, na anayeisahau atahesabu saba kisha ashangae kwa nini ubeti unachechemea. Mikazo ipo, lakini hakuna aliyeipanga wala anayeidai. Kinachodaiwa ni kwamba nane itimie, mghani apate pa kupumulia, na vina vije mahali pake. Sheikh Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, kanuni hizo za vina na mizani ndizo alizoziandikia. Mwanafunzi aliyezimeza vizuri anahitaji kuambiwa jambo moja tu kabla ya kuvuka: huku tulihesabu silabi zote kwa haki sawa, kule silabi hazina haki sawa.

Vina navyo vina kisa chao. Maneno yetu yanaishia kwa irabu, vitenzi vinakwenda kwa -a makundi kwa makundi, na viambishi vinarudi vyenyewe. Ndiyo maana shairi la mtiririko linawezekana, vina vilevile vya kati na vya mwisho kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, beti ishirini ukipenda, na kazi ya mshairi inakuwa kuchagua katika utajiri. Kiingereza ni maskini wa vina. Love, neno ambalo washairi wake hawakuweza kuliepuka, lina jamaa wachache: above, dove, glove, shove, na baada ya hapo mtu anaanza kubahatisha. Soneti ya Kiitaliano ya Petrarca inaendesha mistari minane ya mwanzo kwa vina viwili tu. Ilipofika Uingereza ikabidi ilegezwe, na ile tunayoiita ya Shakespeare ina vina saba katika mistari yake 14. Mwanafunzi anayeichora kwa herufi pembeni, a, b, a, b hadi g, g, anaandika bila kujua historia ya lugha iliyojipimia nguo yake upya. Na akikuta love imewekwa na prove, asiharakishe kusema mshairi alikosea. Wanaochunguza matamshi ya zama zile wanaeleza kwamba maneno hayo yaliwahi kukubaliana kwa sauti. Ni lugha iliyosogea, shairi likabaki.

Pengine mlango ulio karibu zaidi ni kanisani. Maneno ya Amazing Grace yamekaa kwa silabi nane, sita, nane, sita, na John Newton aliyachapisha mwaka 1779. Wimbo tunaoujua leo uliunganishwa nayo Marekani mwaka 1835. Zaidi ya miaka hamsini maneno yalisubiri sauti hiyo, na ilipokuja ikakaa sawasawa, kwa sababu kipimo kilikuwa kimoja. Kwa mtu aliyezoea kutia shairi lolote la tarbia katika mahadhi ayapendayo, jambo hili halihitaji maelezo.

Lakini kama ningepewa kipindi kimoja tu darasani, ningekwenda kwenye Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare, pale penye maiti na umati. Brutus anapanda kueleza kwa nini wamemuua Kaisari, naye anazungumza kwa nathari. Sentensi zake zimepimwa, zinajibizana, zina akili nyingi, na watu wanakubali. Wengine wanataka afanywe Kaisari mpya. Kisha anapanda Antony, na pamoja naye yanarudi mapigo matano. Anamsifu Brutus kwa neno lile lile, tena na tena, hadi sifa inageuka tusi huku herufi hata moja haijabadilika. Anasimama katikati kwa sababu kilio kimembana, anauacha umati uanze kunong'ona, halafu anaendelea. Muda si mrefu watu wale wale wanakimbia kwenda kuchoma nyumba. Mwulize mwanafunzi kwa nini Shakespeare alimnyima Brutus shairi akampa Antony. Ligawe darasa sehemu mbili, upande mmoja usome huyu, wa pili usome yule, kwa sauti, wote wakigonga meza. Watasikia upande gani meza inaitika.

Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthilia hiyo, ikatoka mwaka 1963, kisha akairudia ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mapigo matano ya Kiingereza hayahamishiki kuja kwetu, kwa sababu mkazo wetu hautoki nyumbani kwake. Kila nikifikiria kazi hiyo iliyofanywa na mtu aliyekuwa akiongoza nchi, namheshimu zaidi.

Maswali ya mtihani hupenda kusema: taja mbinu nne za kishairi na utoe mifano. Mwanafunzi anaandika takriri, tashihisi, tashbihi, tanakali sauti, anapata alama zake. Mimi ningeongeza swali moja chini yake: iondoe mbinu hiyo, kisha sema shairi limepoteza nini. Hapo ndipo kukariri kunaposhindwa na kusikia kunapoanza.

Swali hilo linafaa hata kwa waliovitupa vina. Milton alipotoa Paradise Lost mwaka 1667 wasomaji waliuliza vina viko wapi, na mwaka uliofuata akaongeza maelezo mafupi ya kujitetea. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, bila vina wala mizani, ubishi wa kwetu ulikuwa mkali kuliko huo. Milton aliacha vina akabaki na mapigo yake matano. Kezilahabi aliacha vyote viwili, akabaki na pumzi, na mahali pa kukata mstari, na neno linalorudi pale usipolitarajia. Weka vitabu hivyo viwili mezani mbele ya kidato cha tano, soma ukurasa mmoja wa kila kimoja, kisha waache wabishane ni yupi aliyejitwisha kazi ngumu zaidi.