Barabara ya Tarishi François

Filamu ya Jacques Tati iitwayo Jour de fête, yaani Siku ya Sikukuu, nimeitazama mara nne. Mara tatu za kwanza nilicheka, nikaenda kulala. Mara ya nne niliitazama baada ya kuzipita njia zake kwa baiskeli, nikatambua kwamba sifa niliyokuwa nikiipa mbele ya marafiki haikuwa ya kweli. Nilikuwa nikiwaambia kwamba ni filamu ya utulivu wa shamba, ya barabara tupu ambazo mtu anaendesha baiskeli peke yake na ndege wake. Naandika haya kujisahihisha.

Kwa msomaji ambaye hajaiona, hadithi yake ni fupi. Katika kijiji cha Sainte-Sévère-sur-Indre, katikati ya Ufaransa, yanakuja maonyesho ya mara moja kwa mwaka, pamoja na bembea ya farasi wa mbao na hema la sinema. François, tarishi wa kijiji, ambaye Tati mwenyewe anamwigiza, anachungulia hemani na kuona picha za posta ya Marekani na mbio zake. Watu wanamcheka, wanamlewesha. Asubuhi anapanda baiskeli kuonyesha kwamba na yeye anaweza kupeleka barua Kimarekani. Anazipeleka kwa kasi ya ajabu mpaka anatumbukia mtoni.

Wengi wetu tukiisimulia hadithi hii tutaimaliza kwa methali: haraka haraka haina baraka. Hata wahakiki wa kwao wameelekea huko kwa maneno mengine. Lakini itazame vizuri. François anapokuwa mbioni ndipo anapokuwa mwendeshaji stadi. Anaupita msafara wa waendesha baiskeli za mashindano bila kuwatazama. Anashika nyuma ya lori, anageuza ubao wake kuwa meza, na kugonga mihuri huku magurudumu yakizunguka. Tati alikuwa amekwisha jipatia jina majukwaani kwa kuigiza wanamichezo bila maneno, na mwili wake mrefu juu ya baiskeli ile nzito ni raha tupu kuutazama. Mtu anayechukia haraka hapigi picha za haraka kwa mapenzi kiasi hicho. Kitu ambacho filamu inakikebehi ni sababu ya haraka ile, kwamba mtu anakimbia kwa kuwa amechekwa.

Sasa kuhusu utulivu. Kuna kipande kimoja ambacho kwangu ndicho moyo wa filamu. Tunaiona barabara kwa mbali, na mkulima akiwa shambani karibu nasi. François anapita kule chini, mara anaanza kurusha mikono hewani kama mwendawazimu. Nyuki, au nyigu, amemwandama. Mlio wa mdudu unasogea, na mkulima naye anaanza kurusha mikono. Kisha mlio unarudi barabarani. Hakuna neno linalosemwa. Nilikuwa nikikitaja kipande hiki kama ushahidi wangu: tazameni, barabara ni kimya hata nyuki anasikika! Sikuuliza yule mkulima anafanya nini pale. Katika filamu nzima karibu kila barabara ina mtu kando yake. Kuna mkokoteni, kuku, kikongwe na mbuzi wake, watu wenye nyuma wakigeuza majani makavu. Magari ni machache, ndiyo, lakini tupu si neno lake.

Nilikwenda huko mwezi wa Juni, na baiskeli ya gia kumi na mifuko miwili kwenye keria. Ufaransa ina takriban kilomita milioni 1 za barabara, na barabara kuu za taifa pamoja na zile za kasi, zote kwa jumla, hazifiki 25,000. Zilizobaki ni za wilaya na vijiji. Ukiwa na ramani ya Michelin ya kipimo cha 1 kwa 200,000, ambapo sentimita moja ni kilomita mbili, shika michirizi myeupe na ya njano, iache ile myekundu, nawe utapanda na kushuka kutwa nzima bila kuombwa njia na gari zaidi ya mara chache. Lami ni nzuri. Vigingi vyeupe vyenye kofia za njano vinakuhesabia kilomita. Pande zote mbili kuna ua wa miti, mialoni, ng'ombe weupe wanaoinua vichwa mnyororo unapolia. Nimeendesha baiskeli Dar es Salaam. Najua maana ya kusikia basi nyuma ya shingo na kutafuta mtaro wa kujitupa. Kwa siku mbili za kwanza nilikuwa karibu kuimba.

Siku ya tatu ndipo nilipoanza kusikia kimya chenyewe. Nilikuwa nimeishiwa mkate. Kijiji cha kwanza, duka la mkate lilikuwa na maandishi yaliyofifia ukutani na pazia dirishani. Mtu ameligeuza nyumba. Cha pili vivyo hivyo. Shambani majani yalikuwa yakikatwa, na aliyekuwa akiyakata ni mtu mmoja ndani ya kibanda cha vioo juu ya trekta, amevaa vitu masikioni. Nilimpungia mkono, hakuniona. Mwishoni mwa karne ya 19 wilaya hii ya Indre ilikuwa na watu zaidi ya 290,000. Leo hawafiki 220,000. Sainte-Sévère penyewe hapafikishi watu elfu moja, ingawa soko la zamani lenye nguzo za mbao bado limesimama uwanjani, na kuna nyumba ya kumbukumbu ya filamu. Barabara niliyokuwa nikiisifu ilikuwa laini na tulivu kwa sababu, pamoja na mengine, waliokuwa wakiitumia wamehama. Mgeni wa baiskeli anafurahia nafasi waliyoiacha.

Simlaumu Tati kwa hilo, angelijuaje? Alijificha maeneo hayo wakati wa vita, mwaka 1943, akarudi mwaka 1947 kupiga filamu na wanakijiji wenyewe. Namlaumu kwa mengine. Nusu ya kwanza inajikokota, na kileoni pale tunakaa mno. Wanawake wa kijiji, isipokuwa yule kikongwe wa mbuzi anayetusimulia, ni sura za kupita. Na mlevi ni mlevi: baada ya dakika tano tumeelewa.

Kuhusu rangi, ninayo maoni. Tati alitumia kamera mbili, moja ya rangi za Thomsoncolor na nyingine ya nyeusi na nyeupe kama akiba. Zile za rangi zikashindikana kuchapwa, na mwaka 1949 watu wakaonyeshwa ile ya akiba. Aliaga dunia mwaka 1982. Mwaka 1995 binti yake, Sophie Tatischeff, pamoja na François Ede, wakafaulu kuzitoa rangi zile. Zimefifia kama kanga iliyofuliwa mara nyingi, na wapo wanaoipenda zaidi ile ya nyeusi na nyeupe. Mimi naichagua ya rangi, kwa kuwa ndani yake kijiji ni cha kijivu na watu wamevaa nguo nyeusinyeusi mpaka farasi wa mbao wanapowasili. Rangi inakuja na wageni, inaondoka nao. Sikuwa nimeliona hilo kabla ya kupita mbele ya zile pazia.

Mwisho wa filamu François, akiwa bado na unyevu wa mto, anaweka kofia na mfuko chini aende kusaidia kugeuza majani. Mtoto mdogo anaubeba mfuko na kuendelea na barua. Nilikuwa nikiona mwisho huu ni wa kubembeleza watazamaji. Lakini siku ile ya tatu, kwenye kitongoji cha nyumba nne, bibi mmoja alinisimamisha kwa fimbo yake. Kifaransa hakina shikamoo, basi nikavua kofia. Aliuliza kama naelekea La Châtre. Nikajibu ndiyo. Akaingia ndani, akakaa, akatoka na bahasha iliyokwisha bandikwa stempu. Miguu haimfikishi tena kwenye sanduku, akasema, na jirani mwenye gari yuko hospitali. Barua ni ya mjukuu, ana mtihani. Je, itaondoka leo?

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Sanduku la La Châtre, alisema, hufunguliwa saa tisa na nusu, na mimi nilikuwa na kilomita 14 na vilima viwili. Niliitia bahasha ndani ya shati. Sijawahi kuendesha baiskeli kama siku ile. Wale ng'ombe weupe sikuwaona kabisa.